Rhoda Mayala, tabibu wa meno anayewafuata wagonjwa kwenye rashi ya dhahabu

Saa moja kasoro robo asubuhi. Rhoda Mayala amesimama kwenye baraza ya kituo cha afya, simu kaibana kati ya sikio na bega, daftari la wagonjwa liko wazi mikononi. Anasikiliza kidogo, anakata, anapiga namba nyingine.

“Namba unayopiga haipatikani kwa sasa,” inajibu sauti ya kwenye simu. Rhoda anakata kabla sentensi haijaisha. Anapiga tena. Jibu ni lile lile.

Kwenye benchi la wagonjwa wa meno wamekaa watu wawili. Daftari linasema leo walitakiwa kuwa kumi na mmoja.

“Wameondoka,” anasema, akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye tanki la maji na kurudi. “Tangu Jumamosi iliyopita. Walisikia Mwakitolyo kuna duara limetema. Mtu jino lake nimelifungua, nimeweka dawa, nimemwambia arudi wiki ijayo nimalizie. Anabeba nyundo na tochi, anapanda gari. Jino anaondoka nalo hivyo hivyo, nusu.”

Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na likitema maana yake limetoa mawe yenye mali. Habari ikivuja, wachimbaji wa ukanda mzima huhama kwa siku mbili tatu. Wenyewe huita rashi. Hapa Nyarugusu, wilayani Geita, karasha za kusaga mawe huunguruma kutwa. Asubuhi hii unasikia kuku.

Rhoda ana umri wa miaka 36. Ni tabibu wa kinywa na meno, na huu ni mwaka wake wa saba katika kituo hiki chenye kiti kimoja cha meno. Wagonjwa wake humwita dokta, na ameshachoka kuwasahihisha. Mwaka jana alianza kutibu mizizi ya meno ya watu 140. Kati yao, 61 hawakurudi kumaliza.

Nyumbani anaishi na mumewe na binti yao, Blessing, wa darasa la tatu. Majirani wanasema Mama Blessing hula akiwa amesimama. Binti mwenyewe, alipoulizwa mama yake ni mtu wa namna gani, alijibu, “Hakai.”

Rhoda alizaliwa Shinyanga Vijijini, mtoto wa nne wa mfugaji, Mzee Mayala. Anasema sababu ya kusomea meno aliiona tangu utotoni bila kuielewa.

“Kwenye harusi au matanga, nyama ikianza kukatwa, baba anaaga. Anasema ng’ombe wanamsubiri. Mimi nilikuwa nafurahi, maana sehemu yake nakula mimi,” anasimulia. “Nimekuja kujua niko sekondari. Hakuwa na magego. Aliona aibu kutafuna mbele za watu. Na hakuwa mzee, alikuwa na miaka arobaini na nane.”

Pale kijijini ilisemekana kwamba Mzee Mayala ameliwa meno na mdudu, kana kwamba ni mdudu mmoja mwenye jina. Alifariki Rhoda akiwa mwaka wa kwanza chuoni, kabla hajajifunza kumtengenezea mtu meno ya bandia.

Siku hiyo ya benchi tupu ilikuwa Ijumaa, mwishoni mwa Februari. Kati ya watu tisa ambao hawakupatikana, mmoja ndiye aliyemfanya Rhoda ashindwe kutulia. Aliitwa Donatus.

Donatus ana miaka 29. Ni mtoto wa wavuvi wa Nkome, aliyeacha nyavu akafuata dhahabu. Jumanne ya wiki iliyotangulia alifika kituoni shavu la kulia limevimba kidogo. Gego la chini lilikuwa limetoboka, na kwa miezi mitatu alikuwa akilituliza kwa gongo na ugoro.

Kabla ya kumweka kwenye kiti, Rhoda alifanya jambo analowafanyia wagonjwa wengi. Alikwangua kidogo ukoga, ule utando laini unaoganda kwenye meno, akaupaka kwenye kipande cha kioo, akampeleka Donatus chumba cha pili kwa Ibrahimu, mtaalamu wa maabara. Ibrahimu akaweka kioo chini ya hadubini, akamwambia Donatus aangalie.

Donatus aliangalia kwa muda mrefu. Vitu vilikuwa vinatambaa, vingine vya mviringo, vingine kama vijiti, vingine vimejinyonganyonga kama nyuzi.

“Hawa wote wako kwangu?” aliuliza.

“Wako kwako, kwangu, na kwa Ibrahimu,” Rhoda alimjibu. “Kila mdomo una aina nyingi, zinafika mamia.”

“Basi nipe dawa kali niwamalize.”

Rhoda anasema kila mtu hutoa jibu hilo, na hapo ndipo kazi yake inapoanzia. Wagonjwa wengi ni Wasukuma, kwa hiyo huwaelezea kwa ngitili, yaani malisho yanayofungwa msimu wa mvua ili ng’ombe wale wakati wa kiangazi.

“Namwambia mtu, mdomo wako ni ngitili. Kuna majani mazuri, yanashika ardhi, yanazuia magugu yasikae. Ukichoma moto ngitili nzima, kinachoota kwanza ni nini? Magugu. Sasa wewe unakunywa rangi mbili siku mbili, jino likipoa unaacha. Umeua wale wapole, wale wakorofi wamebaki na nafasi.”

Rangi mbili ni vidonge vya kuua bakteria vinavyouzwa kimoja kimoja kwenye vibanda vya machimboni, bila cheti cha daktari.

Kuhusu Donatus, chanzo kilijulikana haraka. Zamu yake chini ya ardhi ni ya saa kumi na mbili mfululizo. Hushuka na chupa mbili za kinywaji cha kuongeza nguvu, na kila baada ya robo saa hupiga funda moja ili asisinzie. Vumbi na joto humkausha mate.

“Bakteria wanaopenda sukari wakila, wanatoa tindikali inayoyeyusha jino,” Rhoda anaeleza. “Mate ndiyo fundi. Yanaosha ile tindikali, yanarudishia jino madini yake. Lakini fundi anataka muda. Wewe kila robo saa unamwaga sukari, na mate yenyewe huna. Hata upige mswaki mara tatu, unashindana na shimo ambalo unalichimba mwenyewe.”

Alipolipima jino, Rhoda alikuwa na njia mbili. Alimweleza Donatus zote.

“Nikiling’oa leo, tumemaliza. Nikilitibu mzizi, lazima urudi mara mbili. Usiporudi, ni hatari kuliko ulivyokuja.”

“Usiling’oe, dokta,” Donatus alisema. “Mawili nimeyaacha Nkome. Nikiendelea hivi nitawatembelea wakwe zangu na ufizi mtupu.”

“Utarudi?”

“Niende wapi? Mke wangu yuko hapa.”

Rhoda alilifungua jino, usaha ukatoka, akasafisha, akaweka dawa ya muda. Alimpa vidonge vya siku saba na kumwandikia tarehe ya kurudi. Siku nne baadaye Mwakitolyo ikatema.

“Ningeling’oa, nisingekuwa na habari naye,” anasema. “Nilimwamini. Tena nilifurahi, maana ni wachache wanaoniomba niliokoe jino. Hilo ndilo lililonifanya nisilale.”

Jioni ya Ijumaa ile alifunga chumba chake, akaenda sokoni kwa miguu kumtafuta Martina, mke wa Donatus, anayeuza dagaa wa Nkome. Walisalimiana, kisha Rhoda akauliza aliko Donatus.

“Ameenda na wenzake, dokta,” Martina alisema. “Juzi alipiga kwa simu ya mtu. Sauti yake sikuielewa.”

“Haikusikika?”

“Ilisikika. Lakini alikuwa anaongea kama mtu mwenye ugali wa moto mdomoni.”

Rhoda alimuuliza kuhusu dawa. Martina aliingia ndani ya kibanda akatoka na karatasi ya vidonge. Vilikuwa vimetumika vya siku mbili tu. Donatus alisema shavu limeshuka, vingine akaviacha.

“Nilisimama pale sokoni nikasikia miguu inataka kukimbia, na hakuna pa kukimbilia,” Rhoda anakumbuka. “Jino la chini likioza mzizi, usaha unaweza kushuka chini ya ulimi na shingoni. Ulimi unasukumwa juu. Mtu anaongea hivyo hivyo alivyosema Martina. Baadaye hapumui.”

Jumamosi ilikuwa siku yake ya mapumziko. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa barabarani, mkoba mgongoni una glavu, tochi ya kichwani, sindano na dawa. Mwandishi wa simulizi hii, aliyekuja Nyarugusu kwa habari nyingine kabisa, alifuatana naye. Walipanda magari mawili na pikipiki mbili. Nauli yake peke yake ilikuwa shilingi 38,000. Njia nzima Rhoda hakulala wala hakuzungumza, isipokuwa kuuliza madereva kama hawawezi kuongeza mwendo.

Mwakitolyo ipo Shinyanga Vijijini. Machimbo yenyewe ni ya zamani, lakini upande uliotema wiki ile ulikuwa mpya, na mahali palipokuwa na mashamba ya mpunga palikuwa na maturubai ya bluu na ya rangi ya udongo hadi macho yanapochoka. Watu walipita wakikimbia na mifuko ya mawe. Mama mmoja aliuza chai kwenye ndoo, mwingine soda, mwingine maji ya kuoga.

Rhoda aliuliza watu kumi na tano kuhusu Donatus. Hakuna aliyemjua.

“Hapa mtu hatumii jina la ubatizo,” alieleza muuza soda, Mwahija, mwanamke wa makamo aliyejifunga kitenge kichwani. “Sema anaitwaje machimboni.”

Rhoda akakumbuka kwamba Martina alimtaja mumewe kwa jina la Sato, kwa sababu ya Nkome na samaki wake.

“Sato? Yule aliyevimba?” Mwahija akaacha kumimina. “Yuko duara la Mwigulu. Tangu jana nampelekea uji, anashindwa kumeza. Sasa hivi wamemuita mtu wa koleo aje amng’oe.”

Rhoda alikimbia. Hilo mwandishi alilishuhudia: mwanamke mwenye mkoba mgongoni anakimbia kati ya mashimo yasiyo na uzio, na watu wanapiga kelele wakidhani ameibiwa.

Donatus alikuwa amekaa chini ya turubai, kichwa amekiinamisha mbele, mate yanamtoka. Hakuweza kulala chali, pumzi ilikuwa inakata. Kidevu na shingo vilikuwa kitu kimoja. Mbele yake mzee mmoja alikuwa akiosha koleo kwa gongo.

“Shikamoo, baba,” Rhoda alimwambia yule mzee, akihema.

“Marahaba.”

“Naomba usimguse huyu. Nitakueleza, lakini kwanza usimguse.”

Mzee aliweka koleo chini bila ubishi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Baadaye alikiri kwamba hakujua angelifikiaje jino, maana mdomo wa Donatus ulikuwa haufunguki hata upana wa kidole.

Ubishi ulitoka kwa Donatus. Alitikisa kichwa. Kwa maneno yasiyosikika vizuri alisema duara lao limefika kwenye mwamba wenye mali, kesho au kesho kutwa wangepandisha mawe.

“Anachosema ni kweli,” alidakia Mwigulu, msimamizi wa duara, mtu mrefu mwenye vumbi hadi kwenye kope. “Hapa akiondoka, nafasi yake inachukuliwa. Ndiyo sheria. Mpe sindano, dokta, atakwenda tukimaliza.”

“Sindano yangu haitoshi.”

“Ni jino tu.”

Rhoda alimshika Mwigulu mkono, akauweka chini ya kidevu cha Donatus.

“Gusa mwenyewe. Bonyeza.”

Mwigulu alibonyeza. Palikuwa pagumu kama ubao. Aliutoa mkono haraka, akaufuta kwenye suruali, akabaki akimtazama Donatus kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza siku hiyo.

“Ana muda gani?” aliuliza, sasa kwa sauti ya chini.

“Sijui. Ndiyo maana nimekimbia.”

Mwigulu alizunguka turubai mara moja, mara mbili. Kisha akachukua kofia ya Donatus yenye tochi akaivaa juu ya kichwa chake.

“Zamu yake naingia mimi,” aliwaambia wenzake. “Nafasi ya Sato haichukuliwi. Mwenye neno aseme sasa.”

Gari la kubebea mawe lilishushwa mzigo. Rhoda alimchoma Donatus sindano ya kwanza ya dawa pale pale, akamkalisha mbele, yeye akaganda nyuma kwenye bodi ya gari akimshika kichwa kupitia dirishani ili asilale. Walifika hospitali ya rufaa Shinyanga saa nane mchana.

Madaktari walimpasua chini ya kidevu pande zote mbili, wakaweka mipira ya kutolea usaha, wakaling’oa gego. Daktari aliyempokea alimwambia Rhoda kwamba wangemleta kesho yake, huenda angefika hawezi tena kupumua.

Donatus hakuwa na ndugu Shinyanga. Rhoda alibaki, akilala kwenye kiti cha plastiki, akitembea korido, akihesabu matone ya dripu hadi muuguzi mmoja akamwomba akae chini kwa sababu anawachanganya wagonjwa wengine. Martina alifika Jumatatu mchana. Ndipo Rhoda akaanza kurudi.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na wengi wanaoisimulia pale Nyarugusu huimalizia hapo. Yeye mwenyewe hakubali.

Jumatatu ile chumba cha meno kilikuwa kimefungwa siku nzima. Watu kumi na wawili walikuja wakakikuta hivyo. Mkuu wa kituo alimwandikia barua ya kumtaka ajieleze, na Rhoda anasema ilikuwa haki yake. Lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa jina moja kwenye orodha aliyoachiwa na mlinzi: Philomena, mkulima wa miaka 63, kutoka kijiji kilicho mbali na barabara.

Jumatano, baada ya kazi, Rhoda alikodi pikipiki akaenda kumwomba radhi. Alimkuta akipeta mtama.

“Mwangaluka, mayu,” alimsalimia kwa Kisukuma kwa heshima, salamu ya asubuhi kwa mama, ingawa jua lilikuwa linakwenda kuzama. Anasema alikuwa amechanganyikiwa.

Bi Philomena hakumcheka.

“Nilitembea kwa saa tatu,” alisema. “Nimefika, kufuli. Nikaambiwa umemfuata mchimbaji.”

“Alikuwa anakufa, mayu.”

“Nimesikia. Mungu ampe afya.” Akapeta tena kidogo. “Mimi sihami. Niko hapa tangu niolewe. Labda ndiyo maana hamnifuati.”

Rhoda alimwomba radhi.

“Nilitaka aniambie haina shida, ndivyo watu wanavyosema. Hakusema. Nikamwambia Alhamisi nitakuja mwenyewe na vifaa, kwenye zahanati yenu. Akaniambia, ‘Ukija, nitajua umekuja.’”

Alhamisi alienda. Mkuu wa kituo alimpa ruhusa, kwa sharti kwamba kwanza apatikane msaidizi wa kubaki na kiti. Bi Philomena alikuwa ameshakaa kwenye benchi la zahanati, na pembeni yake walikaa majirani zake wanne, wote wameshika mashavu. Fizi zake zilikuwa zinatoka damu, ugaga, yaani ukoga uliokuwa mgumu kama jiwe, umejenga ukuta nyuma ya meno ya mbele. Rhoda alitumia saa nzima kuukwangua. Mwisho Bi Philomena alipitisha ulimi nyuma ya meno, mara moja, mara nyingine.

“Kuna upepo,” alisema. “Wabeja.” Asante.

Tangu wakati huo Rhoda amebadilisha mengi. Kila Alhamisi ya pili huenda vijijini kwa watu wasiohama. Mgonjwa akisema ni mchimbaji, haanzi matibabu ya kurudi mara mbili kabla ya kumuuliza maswali mengi zaidi ya yale aliyomuuliza Donatus. Jino likiruhusu, hulimaliza siku hiyo hiyo, hata kama itachukua saa mbili kwenye kiti.

Na ametengeneza kadi. Ni karatasi ngumu iliyokunjwa, ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Ina picha ya meno yote. Jino linalotibiwa hupakwa kalamu nyekundu, na chini yake huandikwa kilichofanyika, kilichobaki, na siku ya mwisho ya kusubiri. Nyuma kuna sentensi moja: *Tabibu mwenzangu, tafadhali malizia.*

Alichapisha kadi mia mbili za kwanza kwa fedha zake kwenye duka moja la vifaa vya ofisi Geita mjini. Halafu, kwa Jumamosi saba mfululizo, alizunguka vituo vyenye matabibu wa meno kati ya Geita, Kahama na Shinyanga, akiwaomba wazikubali na wazitumie wao pia. Saba walikubali. Mmoja alimwambia hana muda wa kumalizia kazi za watu wengine. Ombi la kuifanya kadi iwe ya wilaya nzima ameliandikia barua. Bado anasubiri, na kusubiri si jambo analoliweza.

Mwahija, yule muuza soda wa Mwakitolyo, naye ana kadi kumi tupu chini ya meza yake na namba ya tabibu wa karibu. Bado anauza soda.

“Siwezi kuacha, ndiyo kazi yangu,” anasema. “Lakini anayenunua soda namwambia, inywe yote hapa, sasa hivi, chupa niachie. Shuka chini na maji. Wengine wananitukana. Wengine wanashuka na maji.”

Donatus alitoka hospitali baada ya siku tisa. Chini ya kidevu ana makovu mawili, na sauti yake imerudi. Mwigulu alimtunzia nafasi kama alivyoahidi, ingawa duara lenyewe lilikauka kabla hajapona. Yupo Nyarugusu na Martina, kwa sasa.

“Dokta alinipa jino nikalichezea,” anasema. “Nikisikia rashi nyingine nitaenda, siwezi kudanganya. Lakini nitaaga kwanza.”

Rhoda akiulizwa anataka nini, hujibu huku akikunja gauni la kazi, huku akitazama mlango.

“Kiti cha pili, na tabibu wa kukifanyia kazi. Kadi ikubalike kila mahali. Dhahabu itatoka huku, kesho itatoka kule, watu watahama tu, ni riziki yao. Sitaki kumshikilia mtu. Nataka popote atakapofika, akute mtu anayejua mdomo wake umefikia wapi.”

Asubuhi ya mwisho ya mazungumzo haya, mwanamume mmoja aliingia chumbani kwake bila kupanga foleni. Hakuwahi kuonekana Nyarugusu. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa mahali pengine.

“Nimetoka Kahama,” alisema. “Kuna dokta anaitwa Raudha. Ameniambia nikihama, nikifika popote, niulize penye kiti cha meno nitoe hii.”

Alitoa mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na kadi, imeandikwa kwa mwandiko ambao Rhoda hakuufahamu. Gego la juu kushoto, jekundu. Mizizi miwili imesafishwa. Wa tatu, upande wa shavu, bado. Siku ya mwisho ya kusubiri ilikuwa keshokutwa.

Rhoda aliisoma mara mbili. Akavuta kiti chake cha magurudumu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, akaketi.

“Achama,” alisema.